KORTI YAPASWA KUULIZA KWANZA: KWA NINI HAKULIPA?



Kila mfanya kazi ajua mambo mawili juu ya deni. La kwanza ni kwamba deni hulipwa. La pili ni kwamba mtu asiye na mshahara hana cha kulipia. Mambo haya mawili hukutana vibaya kortini, maana huko anayeshindwa kulipa haambiwi angoje mwisho wa mwezi. Huambiwa aingie ndani. Leo twataka kusema juu ya jambo hili, na mfano wetu twautoa Marekani, kwa sababu kesi za huko zimeandikwa wazi na zimefika mpaka mahakama ya juu kabisa, na kwa sababu mmoja wa walioshtakiwa alikuwa mtu kama sisi, mfanya kazi aliyeachishwa kazi.

Kwanza tueleze jinsi mambo yalivyo huko. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina korti zake, mahakimu wake na sheria zake za makosa. Mtu akiiba Georgia, kwa kawaida hushtakiwa kwa sheria ya Georgia. Akiiba Colorado, kwa sheria ya Colorado. Juu ya majimbo yote iko Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo huangalia kama jimbo limevunja Katiba ya nchi. Katika Katiba hiyo liko Badiliko la 14, la mwaka 1868, lisemalo kwamba jimbo lisimnyang'anye mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki, wala lisimnyime mtu ulinzi sawa wa sheria.

Mhukumiwa aweza kufungwa, lakini aweza pia kuachwa nje chini ya uangalizi wa afisa, na huko nje ashike masharti aliyopewa. Hiyo ndiyo probesheni. Pengine ataamriwa kulipa faini, nayo huenda kwa serikali. Pengine ataamriwa kumlipa yule aliyeibiwa au aliyeumizwa, ili hasara yake irudi. Hiyo ndiyo fidia. Mara nyingi yote matatu hufungwa pamoja: mtu akae nje, alipe faini, alipe fidia, na asipolipa, probesheni yake ivunjwe apelekwe jela.

Inafaa wafanya kazi wajue kwamba probesheni ya Marekani ilianzishwa na fundi. Mwaka 1841, katika mji wa Boston, mshona viatu John Augustus aliingia kortini akamdhamini mlevi aliyekuwa karibu kufungwa. Akamchukua, akamsaidia, akamrudisha kortini akiwa mtu mwingine. Mpaka alipokufa mwaka 1859 alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Jimbo la Massachusetts likaifanya kazi ile kuwa sheria mwaka 1878. Nia yake ilikuwa kumweka mtu nje ili afanye kazi na ashike maisha mema. Tulikumbuke hilo tunapoendelea.

Sasa tufike Georgia. Mwaka 1980 mtu mmoja wa jimbo hilo alikiri makosa mawili, kuvunja nyumba na kupokea mali ya wizi. Lilikuwa kosa lake la kwanza. Hakimu akampa probesheni ya miaka mitatu, akamwamuru alipe faini ya dola 500 na fidia ya dola 250, jumla dola 750. Dola 100 azilipe siku ile ile, dola 100 kesho yake, na dola 550 zilizobaki azimalize katika miezi minne. Yule mtu alikopa kwa wazazi wake akalipa zile 200 za kwanza. Baada ya mwezi mmoja hivi akaachishwa kazi. Alikuwa amefika darasa la tisa tu na hakujua kusoma. Alitafuta kazi mara nyingi asipate. Hakuwa na mapato, hakuwa na mali.

Tuhesabu kama tuhesabuvyo sisi. Mwaka 1981 mshahara wa chini kabisa kwa sheria ya Marekani ulikuwa dola 3 na senti 35 kwa saa. Kupata dola 550 kwa mshahara huo mtu alihitaji saa 164 na zaidi, yaani zaidi ya majuma manne ya kazi ya saa 40, bila kukatwa kodi, bila kula, bila kulipa nyumba. Hiyo ni kwa mtu aliye na kazi. Asiye na kazi angezitoa wapi?

Kabla siku ya kulipa haijafika, mwezi wa Februari 1981, yule mtu alimwarifu afisa wa probesheni kwamba atachelewa kwa sababu hana kazi. Hakukimbia wala hakujificha. Mwezi wa Mei serikali ya jimbo ikaomba probesheni yake ivunjwe. Korti ikaona kweli hakulipa, ikaivunja, ikampeleka jela amalize huko muda uliobaki. Rufani zake ndani ya jimbo zikashindwa.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa jina la Bearden dhidi ya Georgia, ikaamuliwa tarehe 24 Mei 1983. Jaji Sandra Day O'Connor ndiye aliyeiandika hukumu. Maana yake kwa maneno ya kawaida ni hii. Kabla ya kumfunga mtu kwa kutolipa, korti ni lazima iulize sababu. Ikiwa anazo fedha na anakataa kwa makusudi, au hakufanya juhudi ya kweli kuzitafuta, aweza kufungwa. Lakini ikiwa alijitahidi na akashindwa bila kosa lake, korti itazame njia nyingine kwanza, kama kumwongezea muda, kumpunguzia kiasi au kumpa kazi ya kutumikia watu. Jela iwe pale tu njia nyingine hizo zinapoonekana hazitoshi kwa adhabu na kwa usalama wa watu. Kumfunga mtu kwa umaskini wake peke yake ni kukosa haki.

Hukumu ile haikusema maskini asifungwe. Yule mtu alikuwa na kosa na alikubali kosa. Haikusema deni lifutwe. Ilisema tu kwamba liko swali moja ambalo korti haiwezi kuliruka. Hakimu wa Georgia aliangalia daftari, akaona dola 550 hazimo, basi akamaliza. Swali la kwa nini hazimo hakulipa uzito.

Wako watakaotuambia: "Na aliyeibiwa je? Ninyi wa chama mwamlilia mwizi tu." Neno hili ni la haki, na tutalijibu. Anayeibiwa mara nyingi ni mfanya kazi mwenzetu. Ni yeye anayerudi jioni akakuta mlango umevunjwa na blanketi na redio hazipo. Twataka alipwe, na twaiona fidia kuwa kitu bora kuliko faini, maana faini huingia katika hazina na aliyeumia haoni hata senti. Lakini fidia hutoka katika mshahara, na mtu aliye jela hana mshahara. Mahakama ya Juu ilisema jambo hilo hilo: kumfunga asiyeweza kulipa hakutaleta fedha za fidia. Kwa kumfunga yule wa Georgia, serikali ilijitwika gharama ya kumlisha na kumlinda, na aliyeibiwa akabaki mikono mitupu. Nani alifaidika? Hakuna.

Kwa hivyo mtu anayetaka aliyeibiwa alipwe ndiye wa kwanza kutaka masharti yawe sawa na mshahara. Dola kumi kila mwezi zinazolipwa kweli zampendeza mdai kuliko dola 550 za kwenye karatasi.

Liko jambo la pili, nalo ni la kanuni za utaratibu. Wengi wetu twazichukia. Twaona ni mitego ya mawakili, karatasi ya rangi fulani, siku ya kupeleka, muhuri, na maskini akikosea neno moja kesi yake yatupwa. Ni kweli kanuni hutumiwa hivyo. Lakini kanuni nyingine zilitungwa kuishika mkono serikali yenyewe, na hizo tusiziachilie.

Mfano mmoja watoka jimbo la Colorado. Watu wawili walihukumiwa huko kwa makosa mazito, wakatozwa gharama za korti na fidia. Baadaye hukumu zao zikaondolewa. Mmoja alisikizwa upya akaonekana hana hatia, na mwingine serikali ikaacha kumshtaki tena. Wakati huo mmoja alikuwa amekatwa dola 702 na senti 10 katika akiba yake ya jela, na mwingine alikuwa amelipa dola 1,977 na senti 75. Wakaomba fedha zao. Jimbo likakataa, likasema kwamba anayetaka kurudishiwa afungue kesi nyingine, na huko athibitishe kwa ushahidi wenye nguvu kwamba hakutenda kosa. Angalia werevu huo! Mtu ambaye hana hatia tena kwa sheria alitakiwa kujitetea upya ili apewe fedha zake mwenyewe. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 1, ilisema hapana. Hukumu ikiisha kuondolewa, jimbo halina haki ya kushika fedha zilizotozwa kwa sababu ya hukumu hiyo.

Mfano wa pili ni wa Colorado pia. Sheria ya jimbo hilo ilisema kwamba kiasi cha fidia kiamuliwe katika siku 91, isipokuwa pana sababu njema ya kuchelewa. Katika kesi moja korti ilikuja kuamua kiasi karibu mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Colorado ikaiondoa amri ile, ikasema muda ulikwisha pita na korti haikuwa na nguvu tena. Wapo walioona uchungu, maana aliyeumia alikosa fidia kwa uzembe wa maofisi. Sisi pia twaona uchungu huo. Lakini tujiulize: mfanya kazi akichelewa siku moja kulipa, huambiwa siku ni siku. Kwa nini serikali ikichelewa miezi iambiwe si kitu? Saa ya ukutani ikiwa moja, na imhesabie kila mtu.

Tusidhani kwamba baada ya 1983 mambo yalinyoka yote. Hukumu nzuri yaweza kukaa katika kitabu huku korti ndogo zikiendelea na desturi zao. Mwezi wa Machi 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti juu ya mji wa Ferguson katika jimbo la Missouri. Ilionyesha kwamba polisi na korti ya mji zilikuwa zikifanya kazi kama watoza fedha wa baraza la mji, na kwamba watu walikuwa wakitolewa hati za kukamatwa kwa kutolipa bila kuulizwa vizuri kama wanaweza. Mwanamke mmoja alikuwa ameegesha gari vibaya mwaka 2007, akatozwa dola 151 pamoja na ada. Kufika mwisho wa mwaka 2014 alikuwa amekamatwa mara mbili, amekaa ndani siku sita, amelipa dola 550, na bado alidaiwa dola 541. Mara mbili alijaribu kupeleka kidogo alichokuwa nacho, dola 25 na dola 50, korti ikamrudishia. Ilitaka zote au hakuna.

Na katika majimbo mengine, Georgia likiwamo, usimamizi wa probesheni kwa makosa madogo umepewa makampuni ya watu binafsi, nayo humtoza mhukumiwa ada ya kila mwezi kwa kumsimamia. Kadiri maskini anavyochelewa kumaliza faini, ndivyo ada inavyozidi kuhesabika. Mwenye fedha hulipa siku ya kwanza akaenda zake. Asiye nazo hulipa zaidi kwa kosa lile lile. Fundi viatu wa Boston angeona ajabu.

Msomaji atauliza: mambo ya Georgia yatuhusu nini sisi wa Kenya? Yatuhusu, na tutasema kwa nini.

Probesheni iko kwetu pia. Sheria yake ilitungwa mwaka 1943 wakati wa ukoloni, kazi ikaanza mwaka 1946, na inampa hakimu nguvu ya kumweka mtu chini ya afisa kwa miezi sita mpaka miaka mitatu. Mwaka 1998 ikatungwa sheria ya kutumikia jamii badala ya kwenda jela. Korti zetu zaweza kuamuru faini, na anayeshindwa kulipa hufungwa. Zaweza pia kuamuru fidia. Na liko jambo ambalo kila mwanachama alijue: kwa sheria yetu ya makosa, wizi wa kawaida adhabu yake ya juu ni miaka mitatu, lakini mfanya kazi anayemwibia tajiri wake aweza kufungwa mpaka miaka saba. Kwa hivyo hesabu ya stoo ikipungua na kidole kikaelekezwa kwa karani, ajue kwamba anasimama mahali pa hatari kuliko mtu wa barabarani. Na siku ile ile anayoshtakiwa mara nyingi ndiyo siku mshahara wake unapokatika. Ataambiwa alipe wakati ule ule chombo cha kulipia kimevunjwa.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yasema haki itolewe kwa wote bila kujali hali zao, na isizuiliwe na ufundi wa taratibu kupita kiasi. Hayo ni maneno mazuri. Lakini tumeona Marekani kwamba maneno mazuri hayaingii kortini peke yake. Ni lazima mtu ayabebe. Mfanya kazi akisimama kizimbani peke yake, amechoka, ameogopa, hakimu akimwuliza kama anakubali masharti, atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa kiasi chochote, ili arudi nyumbani usiku ule. Hapo ndipo shida huanza, miezi mingi kabla ya siku ya kushindwa.

Kwa hivyo twatoa shauri letu kwa matawi yote.

Kwanza, mwanachama akishtakiwa, tawi lisingoje hukumu. Katibu au mwakilishi wa kazini afike kortini, na awe na barua inayosema mshahara wa huyo mtu ni kiasi gani, ana watu wangapi wa kulisha, na kama amesimamishwa kazi au la. Hakimu hawezi kupima kiasi cha kulipa ikiwa hakuna aliyemwonyesha mizani.

Pili, mwanachama asikubali kiasi asichoweza. Aseme wazi, kwa heshima: "Mheshimiwa, kila mwezi naweza kutoa kiasi hiki." Kuomba kulipa kidogo kidogo si aibu. Aibu ni kuahidi usichonacho.

Tatu, kazi ikikatika, aende kwa afisa wa probesheni kabla ya siku ya kulipa. Apeleke barua na abaki na nakala. Aweke barua ya kuachishwa kazi, aweke risiti zote, aandike majina ya mahali alipoomba kazi na siku aliyoomba. Yule wa Georgia aliokolewa na jambo hilo: kumbukumbu za kesi zilionyesha kwamba alitafuta kazi na kwamba alitoa habari mapema. Anayejificha hujifunga mwenyewe, maana korti itasema alikataa kwa makusudi, na nani atabisha?

Nne, mwenye kulipa kidogo asirudishiwe fedha zake. Mtu akikataliwa malipo ya sehemu, alete habari kwa tawi siku ile ile, na tawi liandike barua.

Tano, chama chetu kiwaambie wabunge kwamba swali hili liandikwe katika sheria kwa maneno ambayo hakuna hakimu atakayeyapita: mtu asifungwe kwa kutolipa mpaka korti imeuliza uwezo wake na imeandika jibu. Likiandikwa, rufani itakuwa na mahali pa kushika.

Matajiri wengine watasema chama kisiingie mambo ya korti, kishughulikie mishahara tu. Sisi twasema haya ni mambo ya mishahara. Faini hulipwa kwa mshahara, fidia hulipwa kwa mshahara, na mwenzetu akiingia jela kwa shilingi elfu kadhaa, watoto wake hupoteza mshahara wote. Anayeiba na ahukumiwe, na anayedaiwa na alipe. Lakini kabla ya mlango wa jela kufungwa, korti imtazame mtu yule usoni imwulize kwa nini hakulipa, na wenzake wawe pale pale, na karatasi mkononi, kulithibitisha jibu lake.